Ikichelewa Nusu Dakika

Tarehe 22 Aprili 2010 Jeshi la Anga la Marekani lilirusha kutoka Cape Canaveral chombo kidogo chenye mabawa kiitwacho X-37B. Siku ya kuruka ilitangazwa na picha zikatolewa, lakini obiti yake ikafanywa siri. Mwezi haukuisha. Greg Roberts wa Cape Town, Afrika Kusini, na mwenzake mmoja wa Kanada walikuwa wamekwisha kukiona kikipita, na vipimo vikakusanywa na kupigiwa hesabu na kundi la akina Ted Molczan wa Toronto: urefu wa kilomita 400 na ushei, mwinamo wa digrii 40 kutoka ikweta. Hakuna aliyewalipa. Walikuwa watu wa ridhaa wenye darubini, kamera na saa nzuri.

Habari hiyo niliisoma nikiwa fundi wa madishi hapa Malindi, kazi ninayoifanya mpaka leo. Kilichonishika ni ile Cape Town. Ufundi wangu ulikuwa umenizoesha kufikiri kwamba mambo ya setilaiti huamuliwa mbali, na sisi wa huku tunaelekeza sahani juu na kungoja picha. Sasa namsoma mtu aliyesimama katika bara hili hili, akitumia vitu vya kununuliwa dukani, amekiona chombo ambacho jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani halikutaka kusema kiko wapi. Nilitaka kujua alifanyaje. Nilipojua, sikuweza tena kuacha.

Setilaiti za televisheni ninazofungia watu madishi ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinakwenda sambamba na mzunguko wa dunia, ndiyo maana dishi likishafungwa halina haja ya kuguswa. Ninazozifuatilia usiku ni za chini, kilomita 300 hadi 1,000 na kidogo, ambazo huizunguka dunia kwa dakika 90 hadi 105. Kwa nyingi kati ya hizo Marekani hutoa hesabu za obiti hadharani, kila chombo na mistari yake miwili ya namba, na mtu kama T.S. Kelso amekuwa akizisambaza bure kupitia CelesTrak tangu 1985. Setilaiti za kijasusi za Marekani yenyewe hazimo. Hata zile zilizomo, mistari ile miwili inaeleza mahali chombo kitakapokuwa kama hakuna aliyeigusa injini tangu kilipopimwa mara ya mwisho. Mtu akiwasha injini saa moja baadaye, namba hazijui. Sisi tunajua kwa kuwa tumesimama pale tukingoja kipite.

Basi hivi ndivyo kipimo kinavyochukuliwa. Nyumba yetu ina paa la zege, na juu yake nimepaka alama nyeupe pale stendi ya darubini inaposimama, kwa sababu hesabu zote zinaanzia hapo: latitudo, longitudo na urefu kutoka usawa wa bahari, vyote vilivyochukuliwa kwa GPS na kuandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Darubini ni ya macho mawili, inayokuza mara kumi, lenzi zake milimita 50. Kabla jua halijatua nimeshajua chombo kitatokea upande gani na kitapita karibu na nyota zipi. Nachagua mbili zilizokaa huku na huku ya njia yake, kama miimo ya mlango. Darubini inaelekezwa pale, mkono mmoja unashika saa ya kubonyeza, na kuanzia hapo hakuna kuongea.

Chombo kinaingia ukingoni mwa kioo, nukta nyeupe isiyometameta, na kinakwenda moja kwa moja. Kinapoukata mstari baina ya nyota mbili nabonyeza. Papo hapo nakadiria kimeukata wapi: robo kutoka nyota ya juu, theluthi, katikati kabisa. Nasema kwa sauti ili kinasa sauti kinase, maana akili husahau upesi mno ikishaanza kutafuta jozi nyingine ya nyota. Chombo kikienda polepole, napata jozi ya pili na hata ya tatu katika pito lile lile. Kisha nasimamisha saa ya mkononi dhidi ya saa ya GPS, natoa, napata muda halisi wa kila mbonyezo. Mahali pa nyota panajulikana kutoka kwenye orodha za wanajimu, kwa hiyo mahali pa chombo pamejulikana pia.

Chombo kilicho kilomita 400 juu, kikipita utosini, hukata zaidi ya digrii moja kila sekunde. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii, na kinaupita kwa chini ya nusu sekunde. Kasi yake ni karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu ya kumi ya sekunde ni mita 770 za safari. Ndiyo maana ninawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwamba fedha zao waziweke kwanza kwenye saa. Darubini ya bei nafuu na saa sahihi itatoa kipimo cha kutumika. Darubini ya fahari na saa isiyoaminika haitoi kitu. Siku hizi natumia pia kamera yenye lenzi ya milimita 50, naifungua sekunde chache, chombo kinachora mstari juu ya nyota na programu inasoma ncha zake. Ni sahihi kuliko jicho. Bado naona mtu aanze na jicho, kwa sababu jicho ndilo linalomfundisha chombo kinavyokwenda.

Saa za kazi hii katika ikweta ni chache. Ili tukione chombo, sisi tuwe gizani na chenyewe kiwe juani. Huko kaskazini, London au Toronto, majira yao ya joto jua halizami sana chini ya upeo, na setilaiti za chini huonekana karibu usiku kucha. Kwetu jua linashuka wima. Kila saa linashuka karibu digrii 15, mwaka mzima, na kivuli cha dunia kinapanda kwa kasi hiyo hiyo kutoka baharini. Chombo cha kilomita 400 kikiwa utosini hupoteza nuru jua likifika digrii karibu 20 chini ya upeo, yaani saa moja na dakika ishirini hivi baada ya machweo. Cha kilomita 1,000 kinadumu saa mbili. Baada ya hapo mbingu inakuwa ya nyota peke yake hadi alfajiri, dirisha linapofunguka tena kwa kinyume.

Wasomaji Waislamu watakuwa wameshatambua muda huo. Sala ya isha, kwa hesabu zinazotumika sana, huingia jua likiwa digrii 17 au 18 chini ya upeo. Kazi yangu yote ya jioni imekaa baina ya magharibi na isha. Nikishuka kuswali magharibi na kupanda tena, anga ndiyo kwanza inatoa nyota za kulengea. Adhana ya isha ikisikika kutoka mjini, vyombo vya chini vilivyo utosini vimebakisha dakika chache tu. Vinavyoelekea mashariki navitazama vikizimika juu ya bahari, kwanza vinakuwa vyekundu kidogo, halafu hakuna. Kuzimika kwenyewe nako huandikwa saa.

Halafu kuna mawingu. Masika huniondolea wiki nzima kwa mpigo. Kusi likivuma, mawingu ya chini hutoka baharini jioni, hayakai lakini yanajua kupita mbele ya nyota niliyoichagua. Msimu wangu ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, Kilimia kikiwa juu na hewa imekauka. Vipimo vyangu vizuri vingi ni vya miezi hiyo.

Kuna kitu ambacho ikweta inatupa na haiwapi wengine, nacho nataka kukisema polepole. Kila setilaiti, iwe na mwinamo gani, lazima ivuke ikweta. Hakuna iwezayo kutupita bila kuja. Na ziko zinazokaa kwetu tu. NuSTAR, darubini ya eksirei ya NASA iliyorushwa Juni 2012, ina mwinamo wa digrii 6. IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, iko karibu sawasawa na ikweta yenyewe. Mtu wa Ulaya anaweza kuishi miaka mia asizione, maana haziinuki juu ya upeo wake kamwe. Kwetu zinapita kila mzunguko, na data zake hushushwa hapa hapa, kwenye madishi ya kituo cha Waitaliano kilichoko nje ya mji wa Malindi.

Kituo hicho kina historia ambayo watoto wetu wanastahili kuijua vizuri zaidi. Baina ya 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa elimu ya nyota za eksirei, nayo ikapewa jina la Uhuru. Mzee mmoja wa Ngomeni aliyekuwa akipeleka watu jukwaani kwa mashua aliniambia, "Mwanangu, sisi tuliiona ikiondoka na moto wake, tukashangilia, tukarudi majumbani. Hakuna aliyetwambia kwamba inarudi."

Nilikaa naye barazani tukapiga hesabu. Obiti ya Uhuru ilikuwa na mwinamo wa digrii 3, na Ngomeni iko karibu digrii 3 kusini ya ikweta. Chombo kiliizunguka dunia kwa dakika kama 96, na kwa kuwa dunia nayo inajizungusha kuelekea upande huo huo, kilikuwa kinatufikia tena baada ya dakika mia na kidogo. Mara kumi na nne kwa siku, kila siku, mpaka kilipoungua angani Aprili 1979. Miaka minane kilipita juu ya kijiji kilichokishuhudia kikiruka, na hakuna aliyenyanyua uso kwa kuwa hakuna aliyeambiwa saa. Jambo hilo liliniuma na linaniuma bado. Chombo kilichopewa jina la uhuru wa watu kilipaswa kutangaziwa hao watu nyakati zake.

Sasa nije kwenye kile hasa kinachonifanya nipande juu ya paa, nacho ni kujua kwamba chombo kimeendeshwa. Angani mambo huenda kinyume cha barabarani. Chombo kikiongezwa kasi kinapanda juu, na huko juu mzunguko ni mrefu zaidi na mwendo ni mdogo, kwa hiyo kinachelewa. Kwa chombo cha urefu wa kilomita 400, injini ikikiongezea mita moja tu kwa sekunde, ambayo ni chini ya mwendo wa mtu anayetembea, kinapanda wastani wa kilomita moja na robo tatu na kila mzunguko unarefuka kwa sekunde mbili na kidogo. Kwa siku kinazunguka mara kumi na tano na nusu. Basi kesho yake kinanifikia kimechelewa zaidi ya nusu dakika. Nusu dakika haihitaji kamera kuiona. Umekaa na darubini, saa imefika, baina ya nyota zako hakuna kitu. Unahesabu. Sekunde kumi. Ishirini. Thelathini na nne, na hicho hapo, kinapita kana kwamba hakuna kilichotokea. Mahali fulani duniani mtu amebonyeza kitufe jana, na wewe, juu ya paa lako Malindi, umejua.

Kituo cha Kimataifa cha Anga ndicho mwalimu bora wa somo hili, kwa kuwa hakifichi kitu. Kinashuka kwa sababu ya hewa nyembamba iliyoko huko juu, wastani wa kilomita mbili hivi kwa mwezi, na kila baada ya muda injini huwashwa kukiinua. Anayeanza achukue namba za obiti za kabla ya kuinuliwa, apige hesabu za pito la baada yake, kisha aende nje na saa. Ataona kwa macho yake mwenyewe kuchelewa kulikotangazwa. Hapo ataviamini vipimo vyake atakapokutana na chombo ambacho wenyewe hawatangazi.

Hewa inachanganya wengi. Nayo hufanya kazi ya kinyume: inakivuta chombo, kinashuka, mzunguko unakuwa mfupi, kinawahi. Hewa huwahisha na injini, kwa kawaida, huchelewesha. Ila hewa ya juu haitulii. Jua likichafuka, hewa hiyo inapashwa moto na kuvimba, vyombo vyote vya chini vinavutwa kwa nguvu zaidi. Dhoruba ya jua ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilikuwa kubwa kuliko zote za miaka ishirini iliyotangulia, na usiku wa baada yake karibu kila kitu kilikuja kabla ya saa yake. Asiye na kipimo cha kulinganishia angedhani dunia nzima imewasha injini. Kwa hiyo siamini chombo kimoja peke yake. Nina orodha ya vyombo visivyo na injini, mabaki ya roketi na darubini ya Hubble, ambavyo nguvu inayoweza kuvisogeza mbele au nyuma ni hewa tu. Hao wakiwahi pamoja na mtuhumiwa wangu, ni hewa. Wao wakija kwa saa yao na yeye peke yake akachelewa, ameendeshwa.

Na asipokuja kabisa? Kubadili urefu wa obiti ni rahisi kwa chombo. Kubadili bapa lenyewe la obiti ni ghali mno. Kuligeuza kwa digrii moja tu katika urefu huo kunataka mita 130 na ushei kwa sekunde, mafuta ambayo wengi hawako tayari kuyapoteza. Basi aliyepotea kwa kawaida bado yuko katika bapa lile lile, ila hujui yuko wapi ndani yake. Unaelekeza darubini pale bapa hilo linapokata anga juu yako, na dunia inapokuzungusha unaisogeza kidogo kidogo ulifuate, unangoja. Usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kwisha bila kitu. Hapo ndipo wageni wa kazi hii huchoka na kushuka bila kuandika neno, na hilo ndilo ninalowakataza kwa ukali. "Hakikuonekana" ni kipimo, mradi uandike ulianza saa ngapi, ukaacha saa ngapi, uliangalia wapi na nyota hafifu kuliko zote uliyoiona ni ipi. Agosti 2010 X-37B ilijulikana imehama pale Cape Town iliposema imeingoja na haikuja. Siku chache baadaye ikapatikana tena, juu zaidi.

Masika mawingu yanapofunga nageukia redio. Kijiti cha USB cha bei ndogo kwenye kompyuta na antena ya mabomba ya alumini niliyoikata mwenyewe vinatosha kusikia vyombo vingi. Sauti ya chombo kinachokuja huwa juu kidogo ya masafa yake na kinachokwenda huwa chini, na katika megahezi 437 tofauti hiyo hufika kilohezi kumi huku na huku. Pale mkunjo wa masafa hayo unapoteremka kwa ukali ndipo chombo kilipo karibu nawe, na saa ya hapo ni kipimo sawa na cha nyota. Mwenye uvumilivu hupata makubwa kwa njia hii. Januari 2018 Scott Tilley wa British Columbia alikuwa akitafuta setilaiti ya siri ya Marekani iliyoitwa Zuma, akanasa mawimbi ya chombo kingine kabisa: IMAGE, ya NASA, iliyorushwa Machi 2000 na kunyamaza Desemba 2005. Wenyewe walikuwa wamekwisha kukata tamaa nayo. NASA walisikiliza, wakathibitisha ni yenyewe.

Nimeulizwa, na watu ninaowaheshimu, kama kufichua njia za vyombo vya siri si kuwasaidia maadui wa wengine. Nimelifikiria sana. Urusi na China zina rada na darubini zao za kufuatilia anga. Hazingoji taarifa kutoka paa la fundi wa Malindi. Anayebaki gizani tusipopima ni raia wa kawaida, pamoja na serikali ndogo zisizo na rada. Vyombo hivi vinapita juu ya mashamba yetu, vinapiga picha bandari zetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuandikisha vyombo vya angani unazitaka nchi zitoe taarifa za obiti, lakini taarifa huja zimechelewa na baada ya chombo kuhamishwa hazifai kitu. Mimi naona anga ni ya watu wote, na anayetaka kupita juu ya kichwa changu asikasirike nikimtazama.

Faida yake imeonekana wazi zaidi ya mara moja. Mwaka 1966 mwalimu Geoffrey Perry na wanafunzi wake wa shule ya Kettering, Uingereza, wakisikiliza redio za setilaiti za Kosmos, waligundua kwamba moja ilitoka mahali ambapo Wasovieti hawakuwahi kupataja. Ndipo ulimwengu ukajua kuna kituo cha kurushia roketi Plesetsk. Agosti 2019 Rais Trump wa Marekani aliweka hadharani picha kali mno ya kiwanja cha roketi cha Semnan, Iran. Wafuatiliaji walipima vivuli vya minara na jinsi duara la kiwanja lilivyoonekana limekuwa umbo la yai, wakapata upande picha ilikopigwa na saa yake, wakafungua orodha yao wenyewe. Setilaiti iliyokuwa hapo ni USA 224, iliyorushwa 2011, ambayo orodha ya hadharani ya Marekani haitoi obiti yake. Na mwaka 2015, huko juu kwenye ukanda wa madishi ninakopatia riziki, chombo cha Urusi kiitwacho Luch kilisogezwa kikaegeshwa baina ya setilaiti mbili za Intelsat kwa miezi, na kampuni hiyo ikalalamika hadharani. Setilaiti za namna hiyo hubeba simu, benki na habari za watu. Kujua nani amesogea karibu nazo si mchezo wa wenye nafasi.

Kwetu jambo hili lilifika mlangoni tarehe 30 Desemba 2024. Pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka mchana katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wa awali, kwamba ni pete ya roketi. Ya nani? Wafuatiliaji waligawanyika. Wako waliopiga hesabu na kuihusisha na kipande cha roketi ya Ariane ya mwaka 2008 kilichokuwa kinashuka siku hizo, na wako waliotilia shaka kama ilitoka obiti kabisa. Wote walikuwa mbali, wakitegemea walichosoma magazetini. Kilichokosekana ni vitu ambavyo mwanakijiji yeyote mwenye simu angeweza kuvitoa: mngurumo ulisikika saa ngapi, kwa dakika na sekunde, kitu kilionekana kikitokea upande gani, kilipita kushoto au kulia kwa mlima gani. Kamera zangu zisingefaa mchana ule. Masikio ya watu na saa za simu zao zingefaa.

Tangu siku hiyo nimebadilisha ninachofundisha. Vijana wanaokuja kwangu, kabla ya kushika darubini, wanafanya zoezi la kuandika ushahidi: saa, mahali ulipo, upande ulioelekea, urefu juu ya upeo kwa kupima na ngumi ya mkono ulionyooshwa, ambayo ni kama digrii kumi. Wapwa zangu wawili wanalijua kiasi cha kuwasahihisha wakubwa. Kwa ajili ya usiku nimeweka kamera isiyolala juu ya paa, inarekodi anga yote, ikingoja mabaki yanayorudi.

Kamera ya pili inafungwa Voi, kwa shemeji yangu, karibu kilomita 170 kutoka hapa. Vyombo vingi hupasuka vikifika urefu wa kilomita 80 hivi. Kimoja kikipita baina yetu kikiungua, kila kamera itakiona mbele ya nyota tofauti, na kutokana na tofauti hiyo tutapata urefu, mwendo na mahali vipande vinakoelekea kuangukia, ndani ya saa chache badala ya kubishana kwa miezi. Kifaa cha kuweka saa kwa GPS kimefika Mombasa wiki hii. Shemeji ameshapima paa lake na kunitumia latitudo, longitudo na urefu kutoka usawa wa bahari, na ameuliza kama alama aipake rangi nyeupe au nyekundu.